Askari Niliowatia Katika Damu ya Mwanangu

Ninaandika haya nikiwa na umri wa miaka hamsini na saba, katika nyumba ya mbao huko Ndosho, upande wa magharibi wa Goma, na mwenye ugonjwa ninaousimulia ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Aliyeugua si mimi. Ni binti yangu wa pekee, Masika. Nilipomwomba ruhusa ya kuandika, alinijibu bila kuinua macho: "Andika, lakini uandike na makosa yako." Kwa hiyo makosa yangu yamo humu, na lile kubwa kuliko yote ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ni neno moja nililomwambia siku ya Alhamisi, tarehe 13 Februari 2014, nalo nusura limuue.

Nawaandikia akina mama ambao leo wamekaa kwenye benchi lile nililokaa mimi, wakishika mkono wa mtu mzima kama unavyomshika mtoto karibu na barabara. Sitawafundisha tiba. Nilijaribu kufundisha tiba, na mtaona ilivyokuwa.

Lazima nianze kabla hajazaliwa, kwa sababu daktari naye alianzia hapo. Katikati ya Julai 1994 wakimbizi walivuka mpaka kutoka Rwanda, wakajaa mjini, barabarani, makanisani na juu ya mawe meusi ya volkano ambako hata kaburi halichimbiki. Kipindupindu kikawafuata. Mume wangu Paluku, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Butembo, aliugua siku ya Jumatano, akafariki Ijumaa, tarehe 29 Julai. Mimi nilikuwa na mimba iliyopita miezi mitano. Nililala na homa kali wiki mbili mfululizo. Majirani walikwisha kuandaa mkeka wa kunifunikia. Nikapona. Masika akazaliwa Ijumaa, tarehe 11 Novemba, mzima, mwenye sauti kubwa.

Matanga yalipokwisha, mdogo wa Paluku, jina lake Kasereka, alikuja kunirithi kama desturi ilivyomruhusu. Nilimwambia kwamba shamba hurithiwa, mbuzi hurithiwa, mimi sirithiwi. Nilisema hivyo mbele ya watu. Tangu siku hiyo Kasereka alikuwa na deni nami, si la fedha.

Nilikuwa sijui kusoma. Nilianza darasa la watu wazima parokiani mwaka 2003, nikiwa na miaka thelathini na mitano, na aliyenisaidia kazi za nyumbani alikuwa Masika mwenyewe, mtoto wa miaka minane. Alinishika kidole na kukipitisha juu ya herufi. Cheti cha shule ya msingi nilikipata Jumatatu, tarehe 2 Julai 2007. Nilikitundika ukutani juu ya picha ya marehemu. Baada ya hapo nilichaguliwa kuwa mhamasishaji wa afya wa mtaa, wale ambao kwetu huitwa reko. Nilipewa fulana na kitabu kikubwa cha picha cha kuwafundishia mama umuhimu wa chanjo. Nilitembea nacho kwapani hata siku ambazo sikuwa na somo. Nasema haya ili muelewe kiburi changu kilitoka wapi. Hakikuwa cha bure. Nilikilipia.

Mwanzo wa ugonjwa sikuuona, na sitaki mtu anifariji kwa hilo.

Jumanne, tarehe 20 Novemba 2012, waasi waliingia Goma. Masika alikuwa ametimiza miaka kumi na minane siku tisa kabla, naye alikuwa darasa la mwisho la sekondari. Siku hizo mji mzima ulikuwa na maneno ya aina moja: askari wako wapi, wanapita njia gani, wanamtafuta nani. Masika akaanza kusema kwamba askari wanamfuata. Akaziba kwa karatasi kila upenyo kati ya mbao za ukuta. Akakataa kwenda bombani kuchota maji. Jirani yangu akanisifia: "Binti yako iko na akili. Wangu mie anatembea-tembea tu kama mbuzi." Niambieni, katika mji ambao kila mtu anaogopa askari, ni nani angejua kwamba hofu ya mwanangu ni ugonjwa?

Mwanzoni mwa Desemba waasi waliondoka. Watu wakaondoa karatasi zao, wakaacha kunong'ona. Masika hakuacha.

"Mama, unasikia vile banahesabu?"

"Nani wanahesabu?"

"Bale ba pale kwa mawe. Banahesabu hatua zangu. Nikifika mia, banaanza tena."

Niliangalia mawe. Palikuwa na kuku mmoja na bidoni, dumu la maji, iliyopasuka.

Msimu wa mvua ulipofika, aliacha kuoga, kwa sababu alisema akivua nguo watamhesabu mbavu. Aliacha kula chakula ambacho mwingine hajakionja mbele yake. Alikuwa akigeuza shingo ghafla na kumjibu mtu ambaye hayupo, kwa Kifaransa kizuri cha shuleni, kwa adabu, kama anayejibu swali la mwalimu. Adabu ile iliniumiza kuliko kelele.

Nikampeleka kwenye chumba cha maombi. Hakuna aliyenisukuma, nilikwenda kwa miguu yangu, na kitabu changu cha picha nikakiacha nyumbani kwa sababu nilijua kingenisuta. Aliingia Jumatatu, tarehe 4 Machi 2013, akatoka Jumamosi, tarehe 4 Mei. Siku sitini na moja za kufunga na kukemewa. Mkubwa wa pale alisema ni pepo wa kijeshi, akamwamuru aweke silaha chini. Pepo hakuweka chochote chini. Aliyewekwa chini alikuwa mwanangu, juu ya mkeka, kamba kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Kovu liko hadi leo, limezunguka kama bangili. Mimi niliiona kamba ile tangu wiki ya pili. Niliambiwa ni kwa usalama wake, nikaitikia amina.

Jumapili ya Pentekoste, tarehe 19 Mei, Kasereka alifika kutoka Butembo na wazee wawili wa ukoo. Waliketi sebuleni, wakanywa chai yangu, wakamtazama Masika kama watu wanaotazama mzigo ulioharibikia njiani ili waamue nani alaumiwe.

"Kwetu kwa Paluku hakuna wazimu," Kasereka alisema. "Tumehesabu mpaka kwa babu wa babu. Hakuna. Hii ni damu ya kwenu."

"Kwetu pia hakuna."

"Basi umeitoa wapi? Sokoni?" Wazee wakacheka kidogo. Kasereka akanyoosha kidole kwenye cheti ukutani. "Weye si umesoma, Mama Masika? Mwanamuke wa karatasi. Basi tusomee na hii, tuelewe."

Masika alikuwa ameketi kwenye pembe, magoti kifuani. Alisema polepole, "Baba mudogo, viatu vyako vinaripoti." Kasereka akatazama viatu vyake. Kwa nukta moja, nakiri, niliupenda ugonjwa wake.

Wakaondoka bila kuagana vizuri. Lakini neno lile, damu ya kwenu, lilibaki ndani ya nyumba. Nililikuta kwenye sufuria, nililikuta kwenye shuka.

Tulifika kwenye kituo cha wagonjwa wa akili Jumatatu, tarehe 10 Juni 2013, kwa pikipiki moja, dereva mbele, mimi nyuma, Masika katikati nikimkumbatia kwa mikono yote miwili. Dereva aliuliza kama huyu mutu hatatuangusha. Nilimwambia aendeshe.

Yeyote asiyelijua benchi la pale hajui saa ni kitu gani. Ni benchi la saruji, refu, linalochukua watu kumi na wawili wakibanana. Asubuhi lina baridi inayopanda mgongoni, saa sita linachoma. Huko nilijifunza kwamba kila familia hufika ikiwa imechelewa na kila familia hudhani imechelewa peke yake. Karibu nasi aliketi mama mmoja kutoka Vitshumbi, kando ya Ziwa Edouard, pamoja na mume wake aliyekuwa akiugua mwaka wa nne. Alifungua gazeti lenye samaki wa kukaushwa, akamega, akala kipande kwanza mbele ya macho ya Masika, kisha akampa. Sikuwa nimemwambia lolote. Masika alikula. Kilikuwa chakula chake cha kwanza kutoka kwa mgeni baada ya miezi saba.

"Wako anasema nini?" mama yule aliniuliza.

"Anasema askari wanamfuata."

"Afazali askari. Wangu anasema ni mie ndiye namuroga." Akamfuta mume wake mdomo kwa pembe ya kitenge. "Nalala na mushitaki wangu kila siku, dada. Na bado anakoroma."

Daktari aliandika jina la ugonjwa kwenye karatasi: skizofrenia, kwa tahajia ya Kifaransa. Nililinakili kwenye daftari langu mara tatu hadi likanyooka. Masika akaanza vidonge. Sauti zikashuka, kama redio iliyopelekwa nyumba ya pili, hazikuzimika. Lakini vidonge navyo vilidai chao. Mwili wa mwanangu ulivimba, nguo zake zote za shule zikawa za kugawa. Mikono ikatetemeka. Mate yalimtoka usingizini hadi mto ukaoza. Kisha, mwezi wa Septemba, damu ya mwezi ikakatika na maziwa yakaanza kumtoka kifuani, msichana ambaye hakuwa amemjua mwanamume. Majirani wakahesabu miezi kwa vidole. Mmoja aliniletea pongezi za mjukuu, akicheka. Nilimfungulia mlango, nikamwonyesha njia. Muuguzi alituambia kwamba dawa ndiyo inayofanya hivyo na wangebadilisha. Walibadilisha. Hakuna jirani aliyerudi kubadilisha alichosema.

Hata hivyo, kufikia Noeli Masika aliweza kuoga mwenyewe. Alisuka nywele. Siku moja aliimba akiosha vyombo, ubeti mmoja tu, nami nikasimama nyuma ya mlango na kizibo cha bidoni mkononi, nikiogopa kukohoa.

Sasa nafika kwenye ile Alhamisi.

Tarehe 13 Februari 2014 daktari alimwomba Masika angoje nje kwenye benchi, akaniita mimi peke yangu. Alitaka kuniuliza habari za familia. Nilipoweka mkono mezani, mkono wa gauni ukapanda, akaona kiwiko changu. Nina mabaka kwenye viwiko na magotini, ngozi nene yenye magamba meupe yanayopukutika kama chokaa. Yalianza miezi michache baada ya kumzaa Masika. Ni sababu ya mimi kuvaa mikono mirefu hata kiangazi, na nilikuwa sijamwonyesha mtu yeyote.

"Hii ilianza lini, mama?"

Nikaivuta nguo. "Hii haihusiki, daktari."

"Labda haihusiki. Niambie tu." Kisha akauliza, "Na ulipokuwa na mimba yake, uliugua?"

Nilimpa tarehe. Nilimpa Julai yote. Aliandika, akaweka kalamu chini, akasema mambo ambayo nitayaeleza kwa ufupi kama nilivyoyapata. Mwili una kinga yake inayopigana na maradhi. Kinga hiyo hupangwa na yale tunayopokea kwa baba na mama kabla ya kuzaliwa, na haipangwi sawa kwa watu wote. Kwa wengine huwa kali kupita kiasi, ikashambulia hata ngozi ya mwenyewe. Wataalamu wanaona kwamba baadhi ya tofauti hizo za urithi zinaweza kumfanya mtu awe rahisi zaidi kuupata ugonjwa huu wa akili. Si kwamba zinauleta zenyewe, bali zinalegeza komeo. Homa ya mama akiwa na mimba huenda nayo ikalegeza. Vita navyo. "Ni mambo madogo mengi sana, mama, kutoka pande zote mbili, na hatuwezi kusema kwa Masika ni lipi."

Sikusikia "hatuwezi kusema". Nilisikia urithi.

"Ni damu yangu, au ni ya baba yake?"

Akasukuma karatasi zake pembeni. "Mama, hapa hatukati kesi."

Lakini mimi nilikuwa na kesi. Nilikuwa nayo tangu Pentekoste. Tulirudi nyumbani saa nane mchana, na njia nzima nilikuwa nikitafuta maneno ya kumpelekea Kasereka, maneno ya kisomi, yatakayoonyesha kwamba mwanangu si mwendawazimu na kwamba damu yangu haina aibu. Na maneno nilikuwa nayo! Nilikuwa nimeyafundisha miaka sita. Katika kitabu changu cha picha, ukurasa wa chanjo, kinga ya mwili imechorwa kama askari. Ndivyo tunavyofundishwa sisi reko, na ndivyo tunavyowafundisha mama: mwili wako una askari wake, chanjo inawapa mazoezi. Kila mtu anaelewa.

Masika alikaa kitandani. "Docteur amesema nini?"

Nilisimama mbele yake kama mwalimu. "Amesema weye si mwendawazimu. Amesema damu yako ina askari, kama damu ya kila mtu, ila wako ni wakali mno. Wanapigana na mwenye nyumba."

Mimi, kwa kutaka kukamilisha somo, nikachukua kitabu, nikakifungua ukurasa ule. Nikamwonyesha mshipa uliochorwa kwa rangi nyekundu, na ndani yake vijitu vyenye kofia na bunduki, vimesimama mstari.

"Beko ngapi?" aliuliza.

"Wengi. Kila tone lina maelfu."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa."

"Na docteur anajua?"

"Daktari ndiye aliyesema."

Akatikisa kichwa polepole, mara mbili, kama mtu aliyepata jibu la hesabu iliyomshinda mwaka mzima. Nilidhani ameelewa. Nilifurahi. Nilikwenda kupika sombe, majani ya muhogo, nikiwa nimefurahi.

Siku kumi na moja baadaye, Jumatatu, tarehe 24 Februari, saa nne asubuhi, nilimkuta nyuma ya nyumba kwenye mawe, na beseni, na wembe, mkono wa kushoto umefunguka. Hakuwa akilia. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayeomba nafasi apite: "Mama, nabatosha inje. Acha batoke bote."

Sitaeleza zaidi. Nilimfunga kwa kitenge changu, dereva wa pikipiki wa kona alikimbiza bila kuuliza chochote, na hospitalini wakamshona nyuzi kumi na saba. Niliporudi kuchukua nguo zake, nilikuta vidonge vyote vya siku kumi na moja vimesokomezwa kwenye tundu za mbao.

Kituoni, muuguzi mkuu alikuwa mama mmoja mnene wa upande wa Bukavu, Mama Furaha, mwenye sauti ya kuuza samaki. Aliniuliza nini kilitokea kati ya Alhamisi ile na Jumatatu. Ningeweza kusema sijui. Kiburi kiliniambia niseme sijui. Nilimwambia.

Alifunga macho. Akayafungua.

"Mama Masika. Mutoto anaogopa baaskari. Anabaogopa mwaka muzima. Sisi tunakaa hapa na dawa, tunabafukuza moja-moja. Na weye unamuletea kikosi nzima, unakiweka ndani ya mushipa, na picha unamuonyesha!"

"Ndivyo tunavyofundisha."

"Mwafundisha nani? Mutu ambaye akisikia askari anaona kofia na bunduki? Hapa Goma?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Na ulimwambia docteur ndiye amesema. Sasa docteur naye amekufa kwake."

Ilikuwa hivyo. Masika alilazwa wiki saba, na katika wiki hizo hakukubali kidonge, maji, wala uji uliopita mikononi mwangu. Nikiingia, alijifunika uso. Madaktari walipendekeza sindano ya dawa inayokaa mwilini wiki nne, ili tusitegemee vidonge. Aliikataa kwa mayowe: sindano italeta nguvu mpya kwa wale waliomo. Nani angemlaumu? Kwa mafundisho yangu mwenyewe, sindano huwapa askari mazoezi.

Bila dawa ile angerudi kwenye wembe. Kila mtu pale alilijua hilo. Nami nilikuwa nje ya dirisha, mama mwenye cheti, sina neno hata moja ambalo mwanangu angelipokea.

Mama Furaha hakubishana naye. Kila siku, kazi yake ilipokwisha, alikwenda kukaa sakafuni karibu na kitanda chake akimenya viazi vya jikoni, kimya. Aliniruhusu nitazame kupitia dirishani. Siku ya tisa au ya kumi ya viazi hivyo (hii ndiyo tarehe pekee ambayo sina) alimwuliza, bila kuacha kumenya:

"Masika, hii sindano tuiite je?"

"Muiite sindano."

"Na ndani yake tuseme muko nini?"

"Dawa. Musiongeze kitu."

"Sitaongeza."

"Na mama asiseme kitu."

"Mama atanyamaza. Nitamufunga mudomo na hili ganda la kiazi."

Masika akacheka, pumzi moja tu puani. Alichomwa sindano ya kwanza Jumanne, tarehe 15 Aprili 2014.

Kabla hajarudi nyumbani niliruhusiwa kuingia nikaombe msamaha. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipofika mbele yake nilisema tu, "Nilikuambia neno ambalo mimi mwenyewe sikulielewa. Nililisema ili nimshinde baba yako mdogo."

Alinitazama mikono. "Ulijifunza kusoma, mama," alisema. "Haukujifunza kunyamaza."

Nilirudisha fulana na kitabu cha picha mwezi uliofuata. Waliniuliza sababu, nikasema magoti.

Tangu hapo maisha yetu hayahesabiwi kwa miaka bali kwa wiki nne nne. Sindano, siku mbili za usingizi mzito, wiki tatu za kazi, siku chache za kutazamana kwa wasiwasi, sindano. Mwaka mzima wa kwanza alikula kwa jirani. Mimi nilipeleka unga kwa mlango wa nyuma ili jirani ndiye apike, na Masika asijue unatoka wapi. Alijua. Aliniambia baadaye kwamba unga wangu una mchanga. Mwaka 2017 njia zilifungwa, dawa ikachelewa wiki sita, na akarudi kuziba mbao kwa karatasi. Tulianza upya. Hakumaliza shule. Hakuolewa. Wenzake wa darasa wana watoto wanaojua kusoma, na wakimwona njiani hubadilisha upande kwa adabu. Kasereka alituma salamu mara moja, kwa mtu aliyekuja kuuza maharagwe: aliuliza kama kiburi changu kimepona. Nilimwambia yule mtu amjibu kwamba bado natumia dawa.

Kuhusu damu, sijui. Mabaka yangu huja na kuondoka, na kila yanapowaka huwa najiuliza kama kile kinachokula kiwiko changu ndicho kilicholegeza komeo la mwanangu, au ni homa ya Julai ile, au ni kitu cha Paluku ambacho kipindupindu kilikizika naye. Hakuna anayeweza kunijibu. Niliwahi kudhani jibu lingeniponya. Sasa naona lingekuwa silaha tu, na ningelitumia.

Jumatatu, tarehe 27 Januari 2025, vita viliingia tena mjini. Tulikuwa ndani, mchana, mbao zikitetemeka. Masika, miaka thelathini sasa, aliinama kwenye upenyo wa ukuta, akakaa hapo kwa muda. Moyo wangu ulisimama, si kwa sababu ya risasi.

"Mama," aliita. "Njoo."

Nikatambaa hadi kwake.

"Bale baaskari pale kwa njia. Na weye unabaona?"

Nikaweka jicho. "Nawaona."

"Ngapi?"

"Sita."

"Na mie naona sita." Alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Basi ni ba kweli. Tulale chini."

Tukalala chini kati ya magunia, nami nikacheka uso ukiwa sakafuni hadi machozi yakanitoka. Ndosho nzima ilikuwa ikiomba askari wale wawe ndoto. Mwanangu peke yake alipata nafuu kwa kuwa hawakuwa ndoto. Na aliniuliza mimi. Baada ya miaka kumi na moja, alikuwa amekubali jambo kwa sababu mimi nimelisema.

Sindano yake ilitakiwa Jumanne, tarehe 4 Februari. Pikipiki zilikuwa chache, tukaenda kwa miguu, tukapita penye mambo ambayo sitayaandika. Sikujua kama tungekuta mtu. Tulimkuta muuguzi kijana na daktari mgeni, na dawa zilizobaki kwenye boksi moja. Wakaliita jina lake. Niliinuka pamoja naye, kama nilivyoinuka kila mara, daftari mkononi.

Aliniwekea mkono begani, akanikalisha.

"Baki hapa, mama. Nitaongea naye mie."

Mlango ukafungwa. Nilisikia sauti yake ndani, kisha ya daktari, kisha yake tena kwa muda mrefu. Sikusikia neno hata moja lililokamilika, na benchi lilikuwa karibu kiasi kwamba ningeweza kusogea. Sikusogea. Ilikuwa kazi ngumu kuliko shule yote niliyosoma.

Alitoka amebana pamba mkononi.

"Amesema nini?"

"Tarehe nne Machi."

"Na mengine?"

"Ingine ni yangu."

Akatangulia kwenda getini, hatua za kawaida, hakugeuka kuangalia nyuma. Nikaandika tarehe, nikafunga daftari, nikamfuata.